Mafumbo ya aljebra yenye sehemu: kabla ya kuandika x, uliza "ya nini?"

Chaki Nyeupe (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Nafundisha hisabati, mchana shule ya msingi na jioni watoto wa kidato cha kwanza na cha pili. Kuna aina moja ya swali inayowaangusha hata wale wepesi wa kuelewa. Kujumlisha sehemu wanajua. Mpe 2/5 + 1/3, atatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika), atapata 15, ataandika 11/15 bila kusita. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) anaiimba hata usingizini. Ila zifiche sehemu hizo hizo ndani ya maneno, hapo hapo anapotea. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana naamini tatizo liko kwenye kusoma kabla halijafika kwenye hesabu.

Tazameni mafumbo haya mawili.

La kwanza: Mkulima alipanda mahindi kwenye 2/5 ya shamba lake, maharage kwenye 1/3 ya shamba hilo, na ekari 8 zilizosalia akapanda alizeti. Shamba lina ekari ngapi?

La pili: Mkulima alipanda mahindi kwenye 2/5 ya shamba lake, maharage kwenye 1/3 ya eneo lililobaki, na ekari 8 zilizosalia akapanda alizeti. Shamba lina ekari ngapi?

Namba ni zile zile, mazao ni yale yale. Jibu la kwanza ni 30, la pili ni 20. Tofauti yote imebebwa na maneno "ya eneo lililobaki".

Fumbo la kwanza: shamba liwe ekari x. Mahindi 2x/5, maharage x/3, jumla 11x/15. Kilichobaki ni 4x/15, nacho ni 8. Kwa hiyo x = 8 × 15 ÷ 4 = 30. Hakiki: mahindi 12, maharage 10, alizeti 8. Jumla 30.

Fumbo la pili: mahindi 2x/5, kimebaki 3x/5. Maharage ni 1/3 ya hiyo 3x/5, yaani x/5. Kimebaki 2x/5, nacho ni 8. x = 20. Hakiki: mahindi 8, zimebaki 12, maharage 4, zimebaki 8.

Mwanafunzi asiyesoma vizuri ataandika 11/15 kwenye yote mawili na kutoa 30 kote. Ubaya ni kwamba 30 ni namba safi, haina desimali, haina chochote cha kumshtua. Mtunzi wa mtihani anajua hilo, ndiyo maana kwenye maswali ya kuchagua, jibu la makosa huwekwa karibu na jibu sahihi.

Ninachowafundisha ni hiki: kila ukikutana na sehemu ndani ya fumbo, simamisha kalamu uulize "ya nini?" Theluthi ya nini? Robo ya nini? Jibu liandike pembeni kwa maneno kabla ya kuandika x yoyote. Sehemu peke yake haina ukubwa. 1/3 ya shamba na 1/3 ya kilichobaki ni vitu viwili tofauti, wala huruhusiwi kuvijumlisha mpaka vyote viwe sehemu za kitu kimoja.

Karibuni kwa maoni, na wenye maswali wayalete.

Mama Mlezi

Shikamoo mwalimu, na asante kwa uzi. Mwanangu yuko darasa la sita, x bado inamtisha. Mimi namchorea visanduku. Fumbo lako la pili: chora mstatili, gawa visanduku vitano. Viwili pakia rangi, ni mahindi. Vimebaki vitatu. Theluthi ya vitatu ni kimoja, hicho ni maharage. Vimebaki viwili, navyo ni ekari 8, kwa hiyo kila kisanduku ni ekari 4. Visanduku vitano ni ekari 20. Anamaliza bila kuandika herufi hata moja. Je, namharibia kwa kutomlazimisha x?

Chaki Nyeupe

Marahaba mama. Humharibii hata kidogo. Singapore wamefundisha kwa njia hiyo katika shule za msingi tangu miaka ya 1980, na watoto wao wanaingia kwenye aljebra wakiwa tayari wanaona kinachoendelea. Ukitazama vizuri, kisanduku chako kimoja ndicho x/5 yangu. Akifika kidato cha kwanza mwambie tu: "kile kisanduku tulichokuwa tunachora, leo tunakipa jina."

Angalizo moja. Visanduku vinachosha asili (namba za chini za sehemu) zikiwa hazigawani vizuri. Mtoto akiambiwa 2/7 ya fedha, kisha 3/8 ya zilizobaki, ana visanduku vitano vilivyobaki na anatakiwa avigawe kwa nane. Itabidi akate kila kimoja vipande vinane, na daftari litajaa. Hapo ndipo x inapookoa muda: 5/8 ya 5x/7 ni 25x/56, mstari mmoja tu.

Mpenda Historia

Wakuu, niongeze kitu. Mafumbo haya ni ya kale kuliko x yenyewe. Kuna mafunjo ya Misri yaliyonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmes karibu mwaka 1550 KK. Mskoti Alexander Henry Rhind aliyanunua Luxor mwaka 1858, na sasa yako British Museum, London. Fumbo lake la 24 linasema: idadi fulani na sehemu yake ya saba, zikijumlishwa, zinafika 19. Idadi hiyo ni ipi?

Ahmes hakuwa na x. Alikisia 7, kwa sababu 7 inagawanyika kwa saba. Saba na sehemu yake ya saba ni 8. Lakini tunataka 19, si 8. Basi 19 gawanya kwa 8, zidisha kwa 7: 16 na 5/8. Ukitumia aljebra unapata hiyo hiyo, 8x/7 = 19, x = 133/8.

Mimi nawafundisha vijana njia hii kwa mitihani ya kuchagua. Mfano: mama alitumia 1/3 ya fedha zake kununua mchele, 1/4 ya zilizobaki kununua sukari, akabaki na sh. 60,000. Kisia 12. Toa theluthi, zimebaki 8. Toa robo ya 8, zimebaki 6. Tunataka 60,000, ambayo ni mara 10,000 ya 6. Kwa hiyo alikuwa na sh. 120,000. Haraka, na hakuna mlinganyo. Kwa nini tusifundishe hivi tuachane na x kabisa?

Chaki Nyeupe

Mkuu, hii ni hazina na nakubaliana nawe kwamba vijana wanapaswa kuijua. Kuchagua 12 kwa sababu 3 na 4 zote zinaigawa ni KDS ile ile tunayoitumia kufuta asili kwenye mlinganyo. Ila kuachana na x hapana, na sababu naitoa kwa mfano.

Mama alitumia 1/3 ya fedha zake na sh. 2,000 zaidi, akabaki na sh. 18,000. Alikuwa na ngapi? Kisia 6,000. Toa theluthi, 2,000, toa na 2,000 nyingine, zimebaki 2,000. Tunataka 18,000, mara tisa. Kwa hiyo 54,000? Jaribu: theluthi ya 54,000 ni 18,000, na 2,000 zaidi, zimebaki 34,000. Imekataa. Jibu ni 30,000: theluthi ni 10,000, na 2,000 zaidi, zimebaki 18,000.

Kisio la Ahmes linakubali pale tu ambapo kila kitu kwenye fumbo ni sehemu ya kile kisichojulikana. Ukiongeza fedha mara tisa, theluthi nayo inaongezeka mara tisa. Zile 2,000 hazikui, ni 2,000 siku zote. Zikiwepo, kisio moja halitoshi. Mlinganyo haujali hilo: x − x/3 − 2,000 = 18,000, hivyo 2x/3 = 20,000, x = 30,000.

Kidato cha Pili

Shikamooni. Mimi shida yangu si kutunga mlinganyo, ni kuumaliza. Nilipewa huu: x/2 − (x − 3)/4 = 3. Nilizidisha kwa 4 nikapata 2x − x − 3 = 12, kisha x = 15. Mwalimu kaweka kosa, hajaeleza. Kosa liko wapi?

Chaki Nyeupe

Marahaba kijana. Umefanya vizuri kuandika hatua zako, maana kosa linaonekana mara moja. Ule mstari wa sehemu ni mabano yasiyoandikwa. Ukiufuta, mabano lazima yabaki: 2x − (x − 3) = 12. Alama ya kutoa iliyo nje inaingia kwa wote waliomo ndani, kwa hiyo −3 inageuka +3. Unapata 2x − x + 3 = 12, x = 9. Hakiki: 9/2 ni 4.5, (9 − 3)/4 ni 1.5, tofauti ni 3. Yako: 7.5 toa 3 ni 4.5, haifiki.

Ndugu yake kosa hilo ni hili: x/3 + 5 = x/2. Wengi wanazidisha kwa 6 na kuandika 2x + 5 = 3x, kwa kuwa 5 haina asili wanaona haihusiki. Inahusika. Unapozidisha mlinganyo kwa 6, kila kipande kinazidishwa, hata kile kizima. 2x + 30 = 3x, x = 30. Theluthi ya 30 ni 10, ongeza 5 ni 15, na nusu ya 30 ni 15. Nawasihi walimu wenzangu: tukiweka alama ya kosa, tuweke na mstari ulipoanzia. Mtoto huyu alikuwa amebakiza hatua moja.

Fundi Mwashi

Mimi si mtu wa shule, lakini yale mafumbo ya mafundi yananikera. "Fundi mmoja anajenga ukuta siku 6, mwingine siku 12, wakishirikiana watamaliza siku ngapi?" Kijana wangu alijumlisha akapata 18, halafu akagawa kwa mbili akapata 9. Nikamwambia haiwezekani. Yule wa siku 6 akiwa peke yake anamaliza kwa 6, sasa kaongezewa mtu, kazi itachukuaje siku 9?

Chaki Nyeupe

Fundi, umempa kijana wako somo kubwa kuliko kanuni. Kabla ya hesabu yoyote, jua jibu lazima liwe chini ya 6. Likija juu, rudi nyuma.

Hapa tena swali ni "ya nini?" Siku hazijumlishiki kwa sababu kila fundi ana siku zake. Kinachojumlishika ni kazi ya siku moja. Wa kwanza kwa siku anamaliza 1/6 ya ukuta, wa pili 1/12 ya ukuta ule ule. Pamoja 2/12 + 1/12 = 3/12, yaani robo ya ukuta kwa siku. Siku 4.

Wa kwanza akianza peke yake siku 3, halafu mwenzake akajiunga? Siku 3 zimemaliza 3/6, nusu ya ukuta. Nusu iliyobaki inaliwa robo kwa siku: siku 2 zaidi. Na yale ya bomba na tundu ni hayo hayo, ila kuna kutoa: bomba linajaza tanki kwa saa 4, tundu linamwaga tanki zima kwa saa 6, vyote vikiwa wazi ni 1/4 − 1/6 = 1/12 kwa saa, litajaa baada ya saa 12.

Fundi Mwashi

Nimekuelewa. Ila saiti mafundi wawili wanagombania mwiko mmoja na kumsubiri saidia fundi achanganye zege. Robo kwa siku hiyo ni ya kwenye daftari.

Chaki Nyeupe

Ni kweli kabisa, na mtoto anapaswa kuambiwa. Fumbo linadhania kila mmoja anabaki na kasi yake ile ile.

Mtu wa Pwani

Assalaam alaykum. Nimeona mnataja mkulima na fundi, lakini kwetu hesabu hii watu wanaikuta msibani. Mirathi ya Kiislamu yote ni sehemu: nusu, robo, thumni (1/8), theluthi mbili, theluthi, sudusi (1/6). Na lile swali la "ya nini" ndilo la kwanza analouliza kadhi. Madeni na gharama za mazishi kwanza, kisha wasia usiozidi theluthi, halafu ndiyo sehemu zinaanza kuhesabiwa kwa kilichobaki.

Mfano: mume kafariki, kaacha mke, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Kila binti kapata sh. 3,500,000. Mali iliyogawiwa ilikuwa kiasi gani?

Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karibu mwaka 820 kitabu ambacho aljebra imepata jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mafumbo ya wasia na mirathi. Watu walikuwa na haja nayo.

Chaki Nyeupe

Wa alaykum salaam. Hili ni fumbo zuri kuliko yote yaliyoletwa humu. Mali iwe x. Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana thumni: x/8. Kimebaki 7x/8. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili, kila binti fungu moja, jumla mafungu manne. Kila fungu ni robo ya 7x/8, yaani 7x/32. Basi 7x/32 = 3,500,000, x = 16,000,000. Hakiki: mke milioni 2, mabinti milioni 3.5 kila mmoja, kijana milioni 7. Jumla milioni 16.

Nina swali kwako. Darasani nawaambia watoto kwamba sehemu za kitu kizima zikijumlishwa zikapita 1, wamekosea. Mirathi nayo inafuata hivyo?

Mtu wa Pwani

Hapo ndipo utamu ulipo. Chukua mtu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke 1/8, mabinti 2/3, baba 1/6, mama 1/6. Weka kwenye asili 24: 3 + 16 + 4 + 4 = 27. Ishirini na saba juu ya ishirini na nne! Imepokewa kwamba Sayyidna Ali, khalifa wa nne, aliulizwa hili akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imekuwa tusui (1/9), akaendelea na hotuba. Yaani asili inapandishwa kutoka 24 hadi 27: mke 3/27, ambayo ni 1/9, mabinti 16/27, wazazi 4/27 kila mmoja. Kila mtu kapunguziwa kwa uwiano sawa. Wanazuoni wanaiita aul.

Chaki Nyeupe

Hii naipeleka darasani. Angalieni walichofanya: uwiano wa 3 : 16 : 4 : 4 haukuguswa, kilichobadilika ni ile "ya nini". Zilikuwa sehemu za 24, zikawa sehemu za 27.

Nawaachia moja la kufunga mada. Mtu alitumia 1/4 ya fedha zake na sh. 3,000 zaidi kununua nyanya. Kisha akatumia nusu ya zilizobaki na sh. 2,000 zaidi kununua vitunguu. Akabaki na sh. 10,000. Alianza na ngapi? Leteni na hatua.

Kidato cha Pili

Baada ya nyanya: 3x/4 − 3,000. Nusu yake 3x/8 − 3,000. Toa 2,000: 3x/8 − 5,000 = 10,000. 3x/8 = 15,000. x = 40,000.

Mama Mlezi

Mwanangu kaanza kutoka mwisho, kapata 36,000. Kasema: amebaki na 10,000, rudisha 2,000 ni 12,000, hiyo ni nusu, kwa hiyo kabla ya vitunguu alikuwa na 24,000. Rudisha 3,000 ni 27,000, hiyo ni robo tatu, robo moja ni 9,000, zote 36,000.

Chaki Nyeupe

Majibu mawili, moja tu linapita. Kidato cha Pili, iweke 40,000 yako kwenye fumbo uone. Halafu soma tena mstari wako wa pili: nusu ya nini?

Kidato cha Pili

40,000: nyanya 10,000 na 3,000, zimebaki 27,000. Nusu 13,500, toa na 2,000, zimebaki 11,500. Haifiki. Nimeona: nusu ni ya zilizobaki zote, mimi niligawa 3x/4 peke yake nikaiacha 3,000 nzima. Inatakiwa 3x/8 − 1,500 − 2,000 = 10,000. 3x/8 = 13,500. x = 36,000. Naomba nyingine mwalimu, na hii iwe ya kiasi (namba ya juu ya sehemu) na asili.

Chaki Nyeupe

Haya. Asili ya sehemu inazidi kiasi chake kwa 3. Ukiongeza 1 juu na 1 chini, sehemu inakuwa nusu. Sehemu hiyo ni ipi?

Kidato cha Pili

Kiasi x, asili x + 3. (x + 1)/(x + 4) = 1/2. Nikizidisha kimsalaba, na mabano nimeyaacha: 2(x + 1) = x + 4, 2x + 2 = x + 4, x = 2. Sehemu ni 2/5. Hakiki: 3/6 ni nusu.